Mwaka Nilipokuwa Nikitafuta Mbwa wa Watu

Habari ya kifo cha Bi Mwanamisi niliipata dukani kwangu Msambweni, nikiwa nimeinamia mashine ya kutoa nakala nikijaribu kuchomoa karatasi iliyokwama. Aliyenipigia ni Bakari, mwanawe, ambaye hatukuwa tumezungumza tangu nilipohama kwao. Aliniambia mama ametangulia mbele ya haki tangu juzi, maziko yamekwisha, na hitma itasomwa Jumamosi nyumbani Bongwe. Kisha akasema, "Alikuwa akikuulizia, Mejumaa. Njoo." Nikamwambia nitakuja, inshallah. Nilipokata simu, mteja aliyekuwa akisubiri nakala za kitambulisho aliniuliza kama kuna msiba. Nikasema ndiyo, nimefiwa na mama. Mama mzazi ninaye, yuko Kikoneni na ni mzima. Lakini mwaka ule niliokaa Bongwe, aliyenilisha, aliyenisubiri nikichelewa na aliyenitetea kwa majirani alikuwa Bi Mwanamisi, na mimi nikamwingiza katika dhuluma ambayo ni mimi peke yangu niliyekuwa na uwezo wa kuizuia.

Watu wakiniuliza juu ya mwaka ule huwa nawapa visa vya paka na mbwa. Wanacheka, nami nacheka, na mazungumzo yanaishia hapo. Nimefanya hivyo hata kwa mume wangu. Safari hii nitausimulia wote, kwa sababu aliyekuwa akiniuliza amekufa na sikumjibu kweli.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Daktari Njeri alikuwa daktari wa wanyama kutoka bara, mwanamke mrefu asiyependa kukaa, mwenye zahanati ndogo ya mbwa na paka kando ya barabara ya Diani. Wengi wa waliofuga mbwa kule walikuwa wageni na wastaafu wanaoishi peke yao katika nyumba kubwa, na mnyama akipotea walimlilia Daktari kana kwamba yeye ndiye aliyemficha. Mwishowe akanunua droni yenye kamera ya joto, akashughulikia vibali vyake, kisha akatafuta mtu wa kuirusha. Mimi nilikuwa nikimsaidia mpiga picha wa harusi pale Ukunda, na droni ndogo ya kupigia picha maharusi nilikuwa nimeizoea. Daktari aliniita, akanitazama mikono, akaniuliza kama naogopa mbwa. Nikasema siogopi. Naogopa hadi leo.

Kamera ile haikuona rangi wala sura, iliona joto tu. Ardhi ilionekana nyeusi, majani ya kijivu, na kila chenye damu moto kilikuwa cheupe, kama punje ya mchele iliyoanguka ndani ya sufuria iliyoungua. Tulifanya kazi alfajiri, baada ya adhana na kabla jua halijatoka, kwa sababu jua likishapanda kila jiwe na kila bati hupata joto, na hapo mbwa huwezi kumtofautisha na tofali. Ilinichukua majuma kadhaa kujifunza kuzisoma punje zile. Mbuzi hulala kwa makundi. Tumbili huwa juu ya miti, wameshikana. Paka hujikunja akawa duara. Mbwa aliyepotea huenda kwa mstari ulionyooka, kisha husimama, kisha hurudi alikotoka. Tulimpata paka aliyekwama katika mnara wa tangi la maji, tukampata mbwa aliyetumbukia katika shimo la machimbo ya mawe, tukampata na punda wa muuza maji wa Bongwe, ambaye hakuwa mteja wetu lakini Daktari alisema punda naye ana mwenyewe. Kobe wa mama mmoja hatukumpata, kwa kuwa kobe hana joto la kuonekana; alirudi mwenyewe baada ya siku nne. Kila mnyama alipopatikana nilijihisi mtu mkubwa. Wazee wa watu walinikumbatia huku wakilia. Sikuwa nimewahi kukumbatiwa kwa sababu ya kitu nilichokijua mimi na wengine hawakukijua, na utamu wake ulinikaa kichwani.

Daktari aliniwekea sharti moja tu, na aliniwekea siku ya kwanza kabisa, tukiwa tumesimama kwenye kibaraza cha zahanati. "Mejumaa, sisi kazi yetu ni wanyama. Ukiona mtu kwa hiyo kamera, geuza. Usiniambie, usiambie mtu yeyote. Hiyo mashine inarekodi yenyewe ikipaa, kwa hivyo ukifika chini, kama kuna mtu, futa. Watu wa hapa wanaoga kwa bafu hazina paa. Siku mtu atasema tunachungulia watu, hii kazi imeisha, na ikiisha itakuwa imeisha kwa haki."

"Nimeelewa, Daktari," nikasema. Na nilikuwa nimeelewa.

Chumba nilipanga kwa Bi Mwanamisi. Nyumba ilikuwa ya mawe, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili; changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na jiko, na harufu ya vitunguu vya asubuhi iliingia humo kabla ya mwanga. Bi Mwanamisi alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti nzito na hatua nyepesi. Makubaliano yetu hayakuwa na chakula, lakini siku ya tatu alinigongea mlango akaniuliza kama nafunga. Nikasema sifungi.

"Basi mbona huli?"

Tangu siku ile nikawa nakula nao mkekani. Aliposikia kazi niliyoifanya hakupendezwa. "Hao mbwa unawagusa?" aliniuliza. Nikamwambia wengine nawagusa. Kesho yake nilikuta kopo la mchanga safi limewekwa mlangoni mwa bafu, ili nikirudi nijitwaharishe mara saba, ya kwanza kwa mchanga, ndipo niingie ndani. Kila lilipopungua alilijaza mwenyewe. Na jirani aliposema kwamba mpangaji wako anatafuta mbwa wa Wazungu, nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Anatafuta kilichopotea. Wewe ukipotea utataka nani akutafute?"

Bakari alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikaa wiki tatu njiani na siku nne nyumbani, na mkewe Saumu alibaki na mama mkwe. Saumu alikuwa rika langu. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na alipenda ukoko wa wali kiasi kwamba tuliugombania kama watoto. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele ukumbini Ijumaa baada ya chakula, na katika kunisuka akinisimulia mambo ambayo nadhani hakumsimulia mtu mwingine: kwamba alitaka kusomea ukunga, kwamba Bakari alikuwa mtu mwema lakini mwepesi wa kiapo. Nyuma ya nyumba, ukilipita shamba la mihogo, Bakari alikuwa akijenga nyumba yake na Saumu. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Paa lilikuwa bado.

Kupitia ukuta wa jiko nilisikia mengi, na jina lililotajwa kwa sauti ya chini kila mara lilikuwa Hamadi. Hamadi alikuwa kaka yake Saumu, wa tumbo moja, aliyekuwa ameingia katika unga, nao haukuwa unga wa kula. Mwaka mmoja kabla sijafika aliiba cherehani ya Bi Mwanamisi akaenda kuiuza, na Bakari akala yamini kwamba Hamadi akikanyaga tena uwanja wao kwa idhini ya Saumu, basi Saumu atakuwa amechagua. "Ni ndugu yangu, Mama," nilimsikia Saumu akisema siku moja, huku kinu kikienda.

"Najua ni ndugu yako. Mimi mwenyewe nimempakulia chakula mtoto yule mara ngapi? Lakini mumeo amekwisha apa. Usimtie majaribuni."

Sikuwa nimemwona Hamadi hata siku moja. Kwangu alikuwa jina la jikoni.

Mbwa aliyeniponza aliitwa Pilipili. Alikuwa wa mzee mmoja mgeni wa Diani aliyeishi peke yake, na alikimbia siku ya ngurumo, akavuka barabara kuu na kupotelea upande wa Bongwe. Siku ya tatu watu walisema wamemwona karibu na kwetu. Nilitoka mara tu baada ya kuswali, nikatembea hadi kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba za jirani, nikarusha. Daktari na yule mzee walikuwa garini, barabarani, wakinisubiri niwaambie waelekee wapi. Nilikuwa peke yangu na kioo cha kuongozea droni mkononi. Upepo ulikuwa mwingi na droni ilikuwa juu sana, chini isingesikika. Nikaona punje moja inatoka mlango wa jiko letu, inapita kati ya mihogo, inaingia katika nyumba isiyo na paa. Ndani ya kuta kulikuwa na punje nyingine, imelala. Ile ya kwanza ikainama, ikaketi, kisha zikashikana zikawa kitu kimoja.

Nilijua ni Saumu. Kwa mwendo, kwa mlango aliotokea. Wakati ule ndio niliotakiwa kugeuza kamera, na sikugeuza. Nilikaa juu yao. Moyo ulikuwa ukinidunda kwa kitu ambacho sikukiita jina, lakini leo nakijua kilikuwa furaha, furaha mbaya ya mtu aliyeshika siri ya mwenzake. Sijui ningekaa hadi lini. Kando ya shamba la mihogo ikapita punje ndogo, kwa mstari ulionyooka, ikasimama, ikarudi. Nikamfuata Pilipili. Baada ya nusu saa alikuwa mikononi mwa bwana wake, na mzee yule alinishika mikono yote miwili.

Nilirudi nyumbani nimejaa sifa. Nikajitwaharisha, nikaingia. Saumu alikuwa amekwenda sokoni Ukunda. Bi Mwanamisi alikuwa ameketi mkekani na mahamri na mbaazi za nazi, akanimiminia chai, akaniuliza habari za mbwa. Nikamsimulia huku nikila. Alicheka, akasema kwa mzaha, "Hiyo mashine yenu inaona mbwa tu, au inaona na watu?"

"Inaona kila kitu, Mama. Hata walio ndani ya kuta nimewaona leo."

Nimeirudia sentensi ile moyoni mara nyingi kuliko sura yoyote ya Kurani niliyohifadhi. Hakuna aliyeniuliza habari za kuta. Hakuna aliyenibana. Nilitaka tu anione kuwa mtu wa kuona kila kitu.

"Kuta zipi?" aliuliza.

Hata hapo ningeweza kusema tumbili. Lakini rekodi nilikuwa nimekwisha ihamishia kwenye simu ili nimwonyeshe Pilipili, na aliponyoosha mkono nikampa. Alitazama muda wa kumeza tonge moja. Aliona mtu akipita kwenye mihogo, akaona kuta, akaona wawili wakishikana. Kisha akaacha kutafuna, akairudisha simu juu ya mkeka, mbali na sahani, kama kitu kichafu.

"Mwanamke huyo ametoka mlango gani?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa jibu.

Bakari alirudi Ijumaa. Sijui mama yake alimwambiaje. Alimwambia kwa sababu aliogopa Mungu kumficha mwanawe, na hilo simlaumu. Nilichokisikia kupitia ukuta ni sauti ya Saumu. Haikupanda. Alisema alikuwa Hamadi. Alisema Hamadi alikuja usiku uliotangulia akiwa anatetemeka, anaacha unga kwa nguvu zake mwenyewe, anaumwa mwili mzima, na yeye hakumwingiza nyumbani kwa sababu ya kiapo, akamlaza kule kwenye kuta na alfajiri akampelekea uji. Bakari akasema, "Mlete basi huyo ndugu yako tumwone." Walikwenda kule wote watatu. Walikuta boksi lililotandikwa chini na kanga kuukuu. Hamadi alikuwa ameondoka asubuhi ileile ya uji, na hakuna aliyejua alikoelekea.

"Mama, unanijua," Saumu alisema waliporudi.

"Nakujua," Bi Mwanamisi alijibu, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Lakini mashine haina chuki na mtu, mwanangu. Imeonyesha ilichokiona."

Kikao kiliwekwa Jumapili baada ya Alasiri. Adhuhuri yake nilijifungia chumbani, nikakaa kitandani, nikaitazama rekodi yote kwa mara ya kwanza, kutoka mwanzo hadi pale nilipoigeuza kamera. Yule aliyelala hakuinuka hata mara moja. Aliyeketi alikiinua kichwa chake akakiegemeza kifuani; huko ndiko kushikana kulikoonekana. Kisha akanyoosha mkono pembeni, na mkononi mwake kukatokea kitu kidogo, cheupe kuliko wao wote wawili, cheupe cha kuumiza macho. Kikapelekwa polepole kwenye kichwa cha aliyelala. Kikateremshwa. Kikapelekwa tena. Nilirudisha nyuma nikatazama mara tatu. Kilikuwa kikombe cha uji wa moto.

Nilikuwa na saa mbili nzima. Mlango wa Bi Mwanamisi ulikuwa hatua nane kutoka kwangu. Nilijiambia Daktari akijua nimehifadhi picha za watu na kuzionyesha atanifukuza, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia kwamba hata wakiona kikombe hawataelewa, na hilo lilikuwa uongo, kwa maana Bi Mwanamisi angeelewa kabla sijamaliza kusema. Kilichonizuia hasa kilikuwa aibu ndogo, ya kijinga: sikutaka kusimama mbele yao niseme kwamba niliwapa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekitazama hadi mwisho.

Ukumbini walikaa Bakari, Bi Mwanamisi, Mzee Athumani ambaye ni ami yake Bakari, na mama mdogo wake Saumu aliyekuja kutoka Msambweni. Saumu aliketi karibu na mlango wa jiko, miguu ameikunja, macho kwenye mkeka. Kulikuwa na sahani ya kaimati katikati ambayo hakuna aliyeigusa. Niliitwa, nikawaamkia, nikakaa. Picha yenyewe hawakuitaka. Mzee Athumani alisema si vyema kumtazama mke wa mtu namna ile. Aliniuliza kwa upole sana.

"Mwanangu, wewe ni mgeni wetu na hatutaki kukuchosha. Ulichomwonyesha mama yako hapa ndicho ulichokiona?"

"Ndicho, Mzee."

"Kuna zaidi?"

Saumu aliinua macho akaniangalia. Hakunisihi. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize jambo wanalolijua wote wawili.

"Hakuna," nikasema.

Bakari alitamka talaka moja. Aliitamka akilia, na ami yake akamwambia ni moja tu, mlango haujafungwa, eda ina siku zake na mtu anaweza kumrejea mkewe. Jioni hiyohiyo Saumu alifunga nguo zake. Nilikuwa nimekaa ndani, mlango umerudishwa, nikiomba asipite kwangu. Alipita. Alisimama kizingitini na begi begani.

"Usijilaumu, Mejumaa," alisema. "Ulisema ulichokiona. Kuona kwa siku hizi ndiko huko, kwa mashine."

Alipotoka na mama yake mdogo, niliichukua simu nikaifuta rekodi. Kisha nikaifuta katika kadi ya droni. Sikuweza kukaa nayo ndani ya chumba kimoja.

Katika eda hiyo, kabla mwezi wa pili haujaisha, ikaja habari kwamba Hamadi amefariki Mombasa. Watu wa msikiti mmoja wa Likoni walimkuta kibarazani pao, wakamwosha na kumzika, na jamaa zake walikuja kujua baada ya siku kadhaa. Mchana ule tulikula wali na mchicha, mimi na Bi Mwanamisi, wawili tu, na ukoko ulibaki ndani ya sufuria kwa sababu hakuna aliyekuwa na hamu ya kuukwangua. Alikuwa akila kidogo kidogo. Akauliza bila kunitazama.

"Ile picha yako, mwanangu. Ilikuwa na zaidi?"

Siku za eda zilikuwa bado. Bakari alikuwa njiani kurudi. Neno langu moja lingemfikisha Saumu nyumbani kabla ya mwezi kuandama. Wala rekodi haikuhitajika tena. Bi Mwanamisi angeniamini mdomo wangu, kwa maana alikuwa akiniuliza akitaka kuniamini.

"Haikuwa na zaidi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akanipakulia mchicha mwingine.

Mara ya kwanza ningeweza kusema nilishtukizwa. Mara ya pili sina la kusema. Nilihama mwisho wa mwaka, nikamwambia Bi Mwanamisi kwamba nimepata shughuli Msambweni, naye akanifungia mahamri ya njiani. Daktari Njeri alisikitika nilipoacha kazi, hakujua lolote. Aliniandikia barua ya sifa. Imo kabatini hadi leo, na inasema mimi ni mwaminifu.

Jumamosi ya hitma nilifika Bongwe saa nne asubuhi. Wanaume walikuwa mbele wakisoma, wanawake uani nyuma wakipika. Ile nyumba ya Bakari ilikwisha pauliwa zamani na mke wake wa pili anaishi humo na watoto. Niliingia uani nikitafuta mahali pa kuwa na manufaa, na wa kwanza kumwona alikuwa Saumu, ameketi kwenye kibao mbele ya beseni kubwa, anaosha sahani. Amenenepa kidogo. Aliponiona aliinuka, akafuta mikono, akanikumbatia.

"Mejumaa. Karibu, mwenzangu. Poleni."

"Poleni na ninyi."

Nilikaa kando yake, nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, jinsi mambo yalivyokuwa. Bi Mwanamisi alikuwa amemfuata hadi Msambweni baada ya eda kuisha, akamwomba radhi, kwa kuwa moyo wake ulikataa kutulia. Ilikuwa imechelewa, Bakari alikwisha posa kwingine. Lakini wao wawili hawakuachana tena, na katika ugonjwa wa mwisho Saumu ndiye aliyekuwa akimwosha na kumlisha. Aliolewa tena, ana binti. Ukunga hakusomea. Nilimsikiliza nikifuta sahani moja tu. Miaka yote ile duka langu na nyumba yake na mumewe mpya vilikuwa katika mji mmoja mdogo, Msambweni, na mara mbili nimewahi kumwona kwa mbali sokoni nikabadili njia.

"Saumu," nikasema, "siku ile ya kikao nilisema uongo."

Mikono yake iliendelea majini.

"Kulikuwa na zaidi. Nilikiona kikombe. Nilikuona ukimlisha. Nilikiona mchana uleule, kabla ya kikao, nikasema hakuna. Na Mama aliponiuliza tena, Hamadi amekwisha kufa na eda bado, nikasema hakuna."

Sasa mikono ilisimama. Nyuma yetu mtu alifunua sufuria ya pilau na mvuke ukatupitia. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimelitamani hilo kwa miaka. Alipozungumza alizungumza polepole.

"Bado unayo?"

"Nini?"

"Hiyo picha. Sina picha ya Hamadi hata moja ya ukubwani. Asubuhi ile ndiyo ya mwisho mimi kumwona."

"Niliifuta," nikamwambia. "Ulipotoka tu na begi lako, nikaifuta."

Alitazama maji ya beseni. Binti yake alikuja akauliza kitu, akamjibu, mtoto akaenda. Kisha akasema, "Basi nieleze. Nieleze ulivyoona, yote."

Nikamweleza. Nilimweleza kama nilivyotakiwa kueleza ukumbini siku ile, mita chache kutoka pale tulipokaa. Jinsi alivyotoka mlango wa jiko, jinsi alivyosimama kidogo katikati ya mihogo. Jinsi Hamadi alivyokuwa amejikunja, magoti yamefika kifuani, na jinsi alivyonyooka kichwa kilipoinuliwa. Mara ngapi kikombe kilikwenda na kurudi. Kwamba mkono wa Hamadi uliinuka mara moja, ukashika mkono wake, ukateremka. Hilo la mkono alikuwa amelisahau. Alilirudia kwa sauti, "Alinishika mkono."

"Nilipotoka mle," akasema, "nilisikia kama ananiita. Sikugeuka. Kulikuwa kunapambazuka, nilikuwa nikiwahi kuwasha moto. Je, aliinuka? Alinifuata mlangoni?"

Ningeweza kumwambia alikuwa amelala. Ningeweza kumwambia alikaa akamtazama hadi akapotea kwenye mihogo. Hakuna mtu duniani ambaye angenisuta, na lingekuwa neno la kumpoza. Lakini nilikuwa nimekwisha sema mambo mawili katika nyumba ile ambayo hayakuwa kweli.

"Sikuona," nikamwambia. "Ulikuwa bado umekaa naye. Mbwa alipita kando ya shamba, nikageuza kamera nikamfuata."

Saumu aliitikia kwa kichwa, muda mrefu.

"Mlimpata?" aliuliza.

"Nani?"

"Mbwa."

"Tulimpata."

"Alhamdulillahi," alisema. Haikuwa kejeli, nilimwangalia usoni nikitafuta kejeli na sikuiona. Akanitoa mkononi ile sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani, akaiweka juu ya nyingine, akanipa iliyolowa.